Feni ya Rejeta na Swichi Yake: Uchambuzi wa Desturi ya Kuunga Dairekti katika Milima ya Mbulu na Hanang

Katika Mkoa wa Manyara kuna kata mbili zenye jina moja la Gehandu, ya kwanza katika Mbulu na ya pili katika Hanang. Na katika nchi hiyo, iliyo baina ya kingo za Bonde la Ufa na Mlima Hanang wenye kimo cha mita 3,400 na ziada, magari yaliyokwisha kutumika Japani hupanda na kushuka kutwa yakichukua abiria, mahindi, maharage na mbuzi wa mnadani. Mtu akifunua boneti la mojawapo ya magari hayo, si ajabu akakuta waya ambao haukutoka kiwandani: umeanzia katika betri, au katika swichi ya ufunguo, ukapita juu ya injini kwa kufungwa fungwa na vipande vya mpira, ukaishia katika feni ya rejeta, ili feni hiyo izunguke tangu gari linapowashwa hata linapozimwa, pasipo kungoja amri ya swichi ya joto. Mafundi huiita kazi hiyo kuunga feni dairekti, na madereva huiagiza kwa moyo mkunjufu, wakiitakidi kuwa feni isiyolala ndiyo kinga ya injini isiyochemsha.

Makusudi ya uchambuzi huu ni kuitia itikadi hiyo katika mizani, bila ya kuidharau wala kuipokea kwa heshima ya wingi wa wanaoifuata. Hoja nitakayoitetea ni kwamba desturi ya dairekti ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo imetokana na tabia ya nchi ya juu. Lakini nusu iliyobaki ni hatari, kwa kuwa waya huo, hata ukiungwa na mikono stadi, aghalabu hunyamazisha dalili na kuyaacha maradhi yakiendelea ndani kwa ndani. Kadhalika nitajaribu kuonyesha kwamba kubadili waya na swichi ya feni si haramu, maadamu anayebadili anaijua kaida iliyokuwapo kabla hajaivunja.

Yafaa tuanze na asili ya jambo. Injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo sehemu ndogo tu ya joto la mafuta inayoyaunguza. Sehemu kubwa hutoka na moshi, na nyingine, isiyopungua sana kuliko hiyo, sharti ichukuliwe na maji yanayozunguka ndani ya bloku na silinda hedi, yapelekwe katika rejeta, yapoozwe na hewa, kisha yarudi. Katika magari ya zamani, na mpaka leo katika Land Cruiser za kazi ngumu, feni huzungushwa na mkanda wa injini yenyewe, na kwa hiyo swali la waya halikuwapo: injini ikienda, feni huenda. Lakini watengenezaji walipoanza kuilaza injini kwa upana wa gari, ili magurudumu ya mbele yavute, mkanda haukuweza tena kuifikia rejeta iliyobaki ikitazama mbele, na hapo ndipo ilipohitajika feni ya umeme. Fiat 128, iliyotoka mwaka 1969, ilikuwa miongoni mwa magari yaliyoieneza njia hiyo ya kuwasha feni kwa swichi ya joto. Tangu hapo feni ikawa mtumishi wa kuitwa, asiyefanya kazi ila inapohitajika.

Na inahitajika lini? Hapa pana jambo ambalo madereva wengi hulipita bila ya kulitafakari. Gari likienda kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa au zaidi, upepo wa safari peke yake hutosha kuipooza rejeta iliyo nzima, na feni, iwe inazunguka au imelala, haina la kuongeza la maana. Feni ni ya gari lililosimama stendi injini ikinguruma, ya gari linalojikokota katika tope, na ya gari linalopanda kwa gia ya kwanza na ya pili huku limejaa. Kwa hiyo, dereva ambaye gari lake huchemsha katika lami ya Babati kwenda Katesh, akiwa katika mwendo wa kilomita 80, asiitafute hatia katika feni. Ataiona katika rejeta iliyoziba, au pampu ya maji iliyolika mapanga, au themostati iliyokwama, au gasketi ya silinda hedi iliyokwisha kuungua. Bali yule ambaye gari lake huchemsha katika kupanda Magara, akitokea Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu, mahali ambapo barabara huuacha uwanda wa Ziwa Manyara na kuupanda ukingo wa Bonde kwa kona kali, huyo ana haki ya kuishuku feni kwanza. Kutenganisha mashtaka haya mawili ndiyo hatua ya awali ya uchunguzi wowote, na kuruka hatua hiyo ndiko kunakoleta waya wa dairekti katika gari ambalo feni yake haikuwa na kosa.

Sasa tuiangalie nchi yenyewe, kwa kuwa hesabu ya joto katika Mbulu si hesabu ya Tanga. Katika usawa wa bahari maji huchemka yakifika digrii 100 za Selsiasi. Na kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango hicho hushuka kwa takriban digrii moja, kwa sababu uzito wa hewa unaoyakandamiza maji umepungua. Uwanda wa Mbulu katika sehemu zake nyingi umepita mita 1,700, na hapo maji yaliyo wazi huchemka karibu na digrii 94. Hewa yenyewe ni nyepesi kwa kadiri ya sehemu moja katika sita, na kwa hiyo feni ileile, ikizunguka kwa kasi ileile, huipitisha katika rejeta hewa yenye uwezo mdogo zaidi wa kuchukua joto. Ni kweli kwamba injini isiyo na tabo nayo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho, na hivyo huzalisha joto pungufu. Lakini dereva huifidia nguvu iliyopotea kwa kukanyaga zaidi na kukaa muda mrefu zaidi katika gia ndogo, na faida yote huishia hapo.

Ziwekeni hesabu hizo kando ya hesabu ya kiwanda. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 themostati huanza kufunguka kwenye digrii 82 hivi, feni huwaka maji yakifika digrii 93, na huzima yakishuka hadi digrii 83. Aliyeichagua digrii 93 alikuwa amehakikisha kwanza kwamba mfumo umefungwa kwa kifuniko cha rejeta chenye springi, ambacho huyashika maji chini ya mkandamizo. Na kifuniko chenye alama ya 0.9 hukipandisha kiwango cha kuchemka, katika usawa wa bahari, hadi karibu digrii 118. Kwa kifuniko hicho hicho, kikiwa kizima, katika Mbulu maji huchemka karibu na digrii 115, na baina ya kuwaka kwa feni na kuchemka kwa maji pamebaki nafasi ya digrii 20 na ushei. Lakini mpira wa kifuniko ukiwa umekatika, au springi yake imelegea, au mwenye gari amenunua kifuniko cha gari jingine kwa kuwa kimeingia mdomoni, mkandamizo huondoka, na ile nafasi yote huporomoka ikabaki digrii moja tu: feni inaamriwa kuwaka kwenye 93, na maji yanatokota kwenye 94.

Hii ndiyo nusu ya ukweli niliyoitaja. Dereva wa Mbulu anayelalamika kwamba feni huchelewa hasemi uongo. Kwa macho yake ameona mvuke ukitoka kabla feni haijashika kasi. Lakini feni haikuchelewa. Imewaka katika saa iliyoandikiwa, ila maji ndiyo yaliyowahi, kwa sababu kilichokuwa kikiyazuia kimekufa. Tiba ya hali hiyo ni kifuniko kipya chenye alama sahihi, ambacho ni kitu kidogo kuliko vyote katika mfumo huo. Fundi anayekiacha kifuniko kilivyo na kuvuta waya wa dairekti huenda akayazuia maji yasichemke katika stendi, lakini katika mwinuko mrefu yatachemka vilevile, kwa maana feni haina uwezo wa kuyarudishia maji mkandamizo uliotoroka.

Tukiacha maji tukaja katika umeme, tutakuta kwamba mambo yanayoitwa kwa jina moja la swichi ya feni ni matatu yasiyofanana, na kutoyatofautisha ndiko kunakozaa makosa mengi ya gereji. La kwanza ni la Toyota nyingi zisizo za kompyuta kamili, mathalan Corolla za injini ya 5A. Katika hizo swichi imefungika wakati wa ubaridi: maji yakiwa chini ya digrii 83 umeme hupita katika swichi, huivuta relei, na relei iliyovutwa huikatia feni umeme; maji yakipita digrii 93 swichi hufunguka, relei hulegea, na feni huzunguka. Kaida hii huonekana kinyume, ila imejengwa juu ya hadhari kubwa, kwa sababu waya wa swichi ukikatika porini, au plagi yake ikichomoka, feni haifi bali huzunguka daima, na msafiri hufika. La pili ni la magari mengi ya Ulaya, ambamo swichi iko wazi wakati wa ubaridi na hufungika wakati wa joto. Humo waya ukikatika feni hunyamaza, na hasara hufuata. La tatu ni la magari mapya zaidi, kama Probox, ambamo hakuna swichi ya feni hata kidogo: kuna sensa inayobadili ukinzani wake kwa kadiri ya joto, ikaipa habari kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, nayo kompyuta ndiyo inayoamuru relei.

Kutokana na tofauti hizo hutokea mambo ya kushangaza kwa asiyezijua. Fundi aliyezoea gari la Ulaya akitaka kuipima feni ya Corolla huchomoa plagi ya swichi na kuziunga nyaya mbili kwa kipande cha waya, na feni isipozunguka huihukumu kuwa imeungua, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyeiamuru inyamaze. Mwingine, aliyekosa swichi ya Toyota dukani, hutafuta swichi ya gari jingine yenye nyuzi zinazoingia katika tundu lile lile. Ikiwa swichi hiyo ni ya aina ya pili, feni itazunguka asubuhi injini ikiwa baridi, na itazima saa ile ile maji yanapofika joto la hatari. Gari kama hilo huondoka gerejini feni ikivuma vizuri, na mwenyewe hushukuru, na habari zake husikika baadaye likiwa limesimama kandokando ya njia. Na wako wengi wanaodhani wameunga dairekti kwa ustadi, kumbe wamechomoa tu plagi ya swichi ya Corolla wakaiacha ininginie. Kazi ile wamefanyiwa na mhandisi wa Japani aliyeiweka hadhari ile tangu mwanzo.

Baada ya kuyajua hayo, tuzipime sasa namna za mageuzi zinazofanywa. Namna ya kwanza, na iliyo mbaya kuliko zote, ni kuutoa waya katika swichi ya ufunguo hadi feni, pasi na relei wala fyuzi. Feni ya gari dogo hula ampea 7 hadi 15 inapozunguka, na katika nukta ya kuanza huhitaji mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Nayo swichi ya ufunguo, pamoja na nyaya zake, haikukadiriwa kubeba mzigo huo wa nyongeza. Viungo vyake hupata moto, plastiki hulainika, na siku moja ufunguo hugeuka bila ya gari kuitika. Waya mwembamba wa taa, ulionyoshwa kwa mita kadhaa na kuunganishwa kwa kusokotwa, hupoteza njiani volti nzima au karibu yake, na feni inayopokea volti 12 na nusu badala ya 13 na nusu huzunguka kwa ulegevu, hata dairekti yenyewe ikawa dhaifu kuliko mfumo ulioondolewa. Zaidi ya yote, waya usio na fyuzi ukichubuka dhidi ya bati hauna wa kuuzuia. Umeme wote wa betri hupita hapo, na moto wa gari huanza.

Namna ya pili ni kuutoa waya katika betri na kuweka kitufe mkononi mwa dereva. Hii ina nafuu ya kuwa feni huweza kuzimwa, lakini imemtwisha mwanadamu kazi iliyokuwa ya chombo, na mwanadamu husahau. Akisahau kuzima jioni, feni ya ampea 10 huimaliza betri ya ampea-saa 45 katika muda wa saa nne na nusu, kabla ya usiku wa manane. Akisahau kuwasha katika mwinuko, hasara ni silinda hedi iliyopinda. Na desturi ya kuazimana magari, ambayo ni ya kawaida katika safari za misiba na arusi, humfikisha usukanini mtu ambaye hakuambiwa habari za kitufe hicho.

Namna ya tatu ni kuunga dairekti kwa relei na fyuzi, kazi safi, lakini feni ikizunguka muda wote. Hapa hatari ya moto imeondoka, ila yapo mambo mawili yaliyobaki. Kwanza, kaboni na bushi za mota, zilizokadiriwa kwa kazi ya vipindi, hulika kwa kazi isiyo na mapumziko, na feni hufa mapema kuliko ilivyoandikiwa. Pili, na hili ndilo zito, dereva amenyang'anywa dalili. Katika mfumo wa asili, feni inayowaka mara kwa mara kuliko kawaida ni onyo la mapema kwamba maji yamepungua, au rejeta imeanza kuziba. Katika dairekti hakuna onyo la mapema wala la baadaye, kuna feni inayovuma sawasawa mpaka siku sindano inapopanda ghafla.

Sambamba na dairekti huenda desturi nyingine, ya kung'oa themostati, na haifai kuizungumzia moja bila ya nyingine, kwani mara nyingi mkono ni mmoja. Hoja ya wanaong'oa ni kwamba maji yakipita bila kizuizi injini hupoa zaidi. Hupoa kweli, na katika kipupwe cha Mbulu, mwezi wa Juni na wa Julai, asubuhi ya baridi kali na ukungu, injini isiyo na themostati na yenye feni ya dairekti huweza kwenda masafa marefu bila ya kufika joto lake la kazi. Oili baridi haiilindi vyema silinda. Unyevu unaoingia katika oili hauchomwi, ukageuka kuwa utando mweupe katika kifuniko cha kutilia oili, ambao wengine huuona wakadhani gasketi imeungua. Na kompyuta ya injini, ikiambiwa na sensa kuwa injini ingali baridi, huzidisha petroli daima. Mwenye gari hulalamikia ulaji wa mafuta, na hakuna anayemkumbusha kwamba aliununua kwa hiari yake.

Insafu yatutaka pia tuwatetee mafundi, ambao si wajinga wala si wadanganyifu. Wao hufanya kazi mbali na maduka makubwa ya vipuri. Swichi halisi huenda ikapatikana Arusha na isipatikane Katesh wala Dongobesh. Na kipuri kinachouzwa kwa jina la kipya mara nyingine ni cha bandia, kinachofunguka kwenye joto lisilojulikana. Mbele ya mteja mwenye abiria waliokwisha kulipa nauli, fundi huchagua njia itakayomfikisha mtu huyo leo. Kama dawa ya njiani, dairekti yenye fyuzi haina lawama, na yeyote aliyesimama na gari linalofuka mvuke katika mteremko wa Magara angeipokea kwa mikono miwili. Kosa huingia pale dawa ya njiani inapofanywa makazi, na gari likasahauliwa hivyo mwaka baada ya mwaka, likauzwa, na mnunuzi asijue alichonunua.

Basi kabla ya kugusa waya, uchunguzi ufuate utaratibu, na yenye kutangulia ni maji. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana chumvi na madini mengi, nayo yakitiwa katika rejeta miaka na miaka huacha gamba katika vijia vyake vyembamba, na gamba hilo ni kizuizi cha joto kisichoondolewa na feni yoyote. Kulanti ni bora, na ikikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali kuliko ya kisima. Kisha yatazamwe mapezi ya rejeta kwa nje, ambamo vumbi, makapi ya ngano ya Hanang na wadudu hushikamana na kuwa kama blanketi. Yaoshwe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje. Kisha kifuniko. Kisha upepo wa feni: mota ya umeme wa betri ikigeuziwa nyaya zake mbili huzunguka kinyume, na mafundi wanaobadili plagi hulikosea jambo hili bila ya kulitambua. Kipande cha karatasi kikiwekwa mbele ya rejeta, gari likiwa limesimama na feni ikizunguka, sharti kivutwe na kung'ang'ania mapezi. Kikipeperushwa mbele, feni inapigana na upepo wa safari badala ya kuusaidia.

Ndipo ifuate swichi yenyewe. Njia iliyozoeleka ni kuifungua, kuitia katika sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, na kuunganisha mita katika ncha zake ili kuona ni digrii ngapi inapofunguka au kufungika. Njia hii ni nzuri katika pwani, lakini katika Mbulu ina mtego ambao nimekwisha kuudokeza: maji ya sufuria hayatapita digrii 94, hata moto uwe mkali namna gani, na swichi ya digrii 93, ikiwa na tofauti ndogo tu ya kiwanda, inaweza kukataa kufunguka, ikahukumiwa kufa nayo ni nzima; na swichi ya gari la Ulaya inayofanya kazi kwenye 95 au zaidi haitafungika kabisa. Dawa ni kuipima katika mafuta ya kupikia, ambayo hupita joto hilo bila ya kuchemka, moto ukiwa mdogo, ncha za umeme zikiwa nje, na mpimaji akikaa mbali kidogo. Ikumbukwe pia kwamba swichi huhisi maji wala haihisi mvuke: maji yakiwa yamepungua, au hewa imenaswa ndani baada ya kujaza, swichi hukaa katika utupu wenye joto isilolitambua, na feni haiwaki injini ikiungua.

Ikiwa uchunguzi umekamilika, na mwenye gari bado anataka mageuzi kwa kuwa kazi yake ni ya milimani na ya mzigo, yapo mageuzi yanayokubalika. La kwanza ni kubadili swichi kwa nyingine inayowasha mapema zaidi, mathalan kwenye digrii 88, kwa sharti kwamba ni ya aina ile ile, ya kufungika au ya kufunguka, na kwamba digrii yake ya kuzima haiko chini ya digrii ambayo themostati huanza kufunguka. Vinginevyo feni haitazima kamwe, na mwenyewe atakuwa amenunua dairekti kwa bei ya swichi. La pili ni kumpa dereva kitufe kisichoiondoa swichi bali kinachoiongezea. Katika gari la aina ya pili kitufe hicho huungwa sambamba na swichi, ili kimojawapo kikifungika feni iwake. Katika Corolla ya aina ya kwanza huungwa kwa mfuatano, ili kukifungua kuwe sawa na kuifungua swichi. Kwa njia zote mbili, dereva huiwasha feni chini ya mlima kabla joto halijapanda, na akisahau, swichi ipo. Umeme wa feni wenyewe upite katika relei, uchukuliwe betri kwa waya usiopungua milimita mraba 2.5, uwekewe karibu na betri fyuzi ya ampea 20 au 30 kwa kadiri ya mota, na waya wa ethi ufungwe katika bati lililokwanguliwa rangi. Taa ndogo katika dashibodi, inayowaka kila feni inapowaka, humrudishia dereva dalili ambayo dairekti ilimnyang'anya.

Ama kwa magari ya aina ya tatu, nasaha ni fupi: waya wa sensa usiguswe. Kuukata, au kuuwekea kipingamizi ili kompyuta idhani injini ina joto, ni kuidanganya katika hesabu ya petroli na ya cheche pamoja, na taa ya injini ikiwaka hapo haitakuwa imekosea. Anayetaka kitufe katika Probox akiunge upande wa relei, baada ya kompyuta, ambako amri ya feni inatoka, na aiache kompyuta na habari zake. Kadhalika akumbuke kwamba katika magari yenye kiyoyozi feni huitwa pia na kiyoyozi, na waya ukikatwa bila ya kufuatwa unakokwenda, mfumo wa pili huharibika kwa tiba ya wa kwanza.

Hukumu ya jumla, basi, ni hii. Dairekti ni halali kwa safari moja, ya kumfikisha mtu gerejini; ikizidi hapo ni deni linalokua. Mageuzi ya swichi na waya ni halali kwa gari la milimani, iwapo kifuniko, maji, rejeta na themostati vimekwisha kuthibitishwa, na iwapo chombo cha kujiendesha kimebaki mahali pake. Na kwa kuwa mambo haya hayahitaji zana ghali, bali mita, kipimajoto na subira, mahali pake ni katika mafunzo ya vijana wanaojifunza umeme wa magari, vyuoni na chini ya mafundi wakongwe, waanze kwa kuchora mzunguko wa feni ya Corolla na wa Probox katika karatasi moja, kabla hawajapewa koleo la kukatia waya. Mwenye gari naye ana wajibu wake mdogo: fundi akimwambia kwamba feni imeungwa dairekti, amuulize ni nini kilichokuwa kibovu, na asilipe mpaka amejibiwa.